Loki Moja

Fedha ni za loki moja, si mbili.
Nimezihesabu juu ya boneti, gereji ya Limbani,
noti zinanuka makonyo, zililala ndani ya pishi tangu vuli.
Fundi Shaame kazitazama bila kuzigusa, mikono ina grisi:
"Difu ya mbele au ya nyuma, Bi Kidawa? Chagua."

Mie difu naijua kwa tabia zake.
Ni mama mwenye pacha.
Mmoja kakanyaga jiwe, yu tayari kwa kazi,
mwenziwe yumo topeni anacheza, anazunguka bure,
na mama, kwa huruma isiyo akili,
nguvu zote humpa anayecheza.
Aliyeshika hapati kitu.
Gari linanguruma, linarusha udongo mwekundu
mpaka kwenye kanga za wachumaji,
na halitoki.
Loki ni ile siku mama anapochoka:
"Mtakwenda pamoja, au hamwendi."

Mbwana, mtoto wa kaka yangu, ndiye dereva. Anataka mbele.
"Gari huvutwa, shangazi. Ng'ombe umemuona wapi
kafungwa nyuma ya gari?
Mguu wa mbele ukishapanda ukingo wa mtaro,
mwili wote unafuata."

Neno la ng'ombe lilinikaa. Sikuwa na jibu la ng'ombe.

Fundi akasema: "Ukiifunga ya mbele, usukani unakuwa mkaidi.
Wewe unakata kushoto, wao wanataka kunyooka.
Na ekseli za mbele shingo zake nyembamba.
Mbili zimo ndani ya pipa lile, kazione."
Nikaenda nikaziona.
Chuma kilichokatika kina chembechembe ndani, kama sukari.

Wazee walitufunza tezi na omo, na marejeo ngamani;
difu hawakuijua.
Lakini ngama yangu mie iko nyuma, penye magunia.

Hapo nikamkumbuka Msabaha.
Kaanguka mkarafuuni kule Daya, mvua haijakatika,
tukamlaza juu ya magunia, mguu umefungwa kwa upawa.
Mlimani pua ya gari ikawa nyepesi,
matairi ya mbele yanapapasa tu,
uzito wote umekaa kitako nyuma,
na huko nyuma pacha mmoja anacheza.
Mara tatu tukarudi chini.
Mara ya nne Mbwana akageuza gari uwanja wa kuanikia,
akapanda kinyumenyume. Nyuma ikawa mbele.
Tukafika.

"Unaona?" ananiambia leo. "Siku ile ni ya mbele iliyobeba."
Kweli. Sikatai.
Lakini shingo yangu haiwezi tena
kutazama nyuma mlima mzima,
na Msabaha ananitazama,
kauma kofia yake asipige kelele.

"Nyuma," nikamwambia fundi.
Akazichukua noti kwa ncha za vidole.

Siku ya kulijaribu mvua ilinyesha tangu alfajiri.
Mbwana kabonyeza swichi, pakalia *tak*
chini ya makalio yetu, basi.
Pacha wakashikana. Gari likapanda
kama lililokumbuka kitu nyumbani.
Kisha pale njia inapolala upande,
mkia ukaserereka kuelekea mtaroni
(loki ya nyuma ndiyo dawa yake na ndiyo ila yake),
nikashika mlango, nikasoma nilichoweza kusoma.
Usukani ulikuwa mwepesi. Akakata kidogo, akaliokota.
Hakusema "nilikwambia."
Mdomo wake ulilisema peke yake.

Tangu siku hiyo kaweka kopo la maziwa ya unga
kwenye dashibodi, kalitoboa juu:
fedha za loki ya mbele, ati.
Wachumaji wanamcheka.
Akishuka kupima maji ya rejeta
mie hujifanya natafuta kiberiti,
nikatumbukiza elfu moja, nikafunga mkoba.